Je, Wagiriama Waliasi? Uteuzi wa Visawe katika Masimulizi ya 1913–1914

Utangulizi

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Siku iyo hiyo, katika msitu wa Kaya Fungo, upande wa bara wa Kilifi, maafisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza waliilipua kwa baruti kaya kuu ya Wagiriama. Haukupita muda mrefu kabla ya mishale na risasi kuanza kurushwa katika nchi ya Mto Sabaki. Tukio la kwanza huitwa katika Kiswahili Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. La pili, mara nyingi, huitwa Uasi wa Wagiriama. Je, ni kwa hoja gani mapigano yaliyoanza mwezi mmoja, na yenye Mwingereza yule yule upande mmoja, yakapewa majina yasiyolingana kwa hadhi?

Swali hili si la wanahistoria peke yao. Ni swali la semantiki na la taaluma ya tafsiri, na kwa hiyo linamhusu kila anayesoma au kufundisha Kiswahili. Taarifa za kwanza zilizoandikwa kuhusu Mekatilili wa Menza na wenzake ziliandikwa kwa Kiingereza na maafisa wa serikali. Aliyezileta kwa Kiswahili alilazimika kuchagua neno moja kati ya maneno kadhaa yanayokaribiana. Makala haya yanashikilia kwamba uteuzi huo ulifanywa kwa pupa, kwamba neno uasi lina uzito ambao matukio ya 1913–1914 hayastahili kubebeshwa, na kwamba yapo maneno ya Kiswahili yanayosema ukweli zaidi.

Visawe si mapacha

Mwanafunzi wa semantiki hufundishwa mapema kwamba visawe halisi, yaani maneno yawezayo kubadilishana nafasi katika kila muktadha, ni adimu mno. Maneno mawili huweza kushiriki maana ya msingi lakini yakatofautiana katika maana ya ziada, katika rejista, au katika mtazamo wa msemaji. Kufa, kufariki, kuaga dunia na kukata roho yote huishia kaburini, lakini hakuna mwombolezaji mwenye adabu atakayesimama matangani na kusema kwamba marehemu amekufa kama mbuzi.

Waingereza nao wana mfululizo wao. Kwao ‘rebellion’ ni kukataa mamlaka yanayodaiwa kuwa halali, na mara nyingi neno hilo hutumiwa juu ya jaribio lililoshindwa. ‘Revolt’ halina urasmi huo na hubeba ghadhabu zaidi. ‘Uprising’ ni kuinuka kwa walio chini, na msomaji huanza kuwaonea huruma. ‘Resistance’ humhamishia mzigo yule aliyevamia, kwa kuwa hakuna anayezuia kisichomjia. Wataalamu wao wameyapima maneno haya na kuyabadili kadiri fikra zilivyobadilika. Mwanahistoria Cynthia Brantley alipotoa kitabu chake juu ya Wagiriama mwaka 1981, ‘resistance’ ndilo neno aliloliweka katika anwani.

Ajabu ni kwamba wakati Kiingereza kilikuwa kikisogea, Kiswahili kilibaki pale pale. Kamusi za lugha mbili huyapanga maneno kama haya kwenye mstari mmoja, yakitenganishwa na mkato tu, na mfasiri mwenye haraka huchukua la kwanza. Hivyo neno uasi limekuwa kapu la kutilia kila kitu: waliokataa kodi, waliokimbia kazi ya shokoa, waliopigana, hata waliolia tu kwa kuchomewa nyumba.

Jambo hili linasikitisha zaidi kwa kuwa eneo lenyewe lina historia ndefu ya kupima maneno. Ni Rabai, katika Kaunti ya Kilifi ya leo, ambako Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliishi katika karne ya 19 wakikusanya msamiati. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882. W. E. Taylor naye alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891. Nchi iliyozaa kazi hizo haistahili kuelezwa kwa neno lililookotwa.

Uzito wa kitenzi asi

Kitenzi asi kilitoka Kiarabu, na hakikuja mikono mitupu. Kilikuja kimebeba dini. Mja humwasi Mola wake, na matendo yake huitwa maasi au maasia, yaani madhambi. Mtoto huwaasi wazazi wake, na jamii humtazama kama mtu aliyekosa radhi. Askari huwaasi wakubwa wake baada ya kula kiapo cha utiifu. Katika mifano yote hii, anayeasiwa ana haki ya kutiiwa, na anayeasi anajua hivyo. Ukitoa haki hiyo, kitenzi kinakosa pa kusimama. Haiwezekani kumwasi mpita njia.

Hapa ndipo uasi unapolizidi uzito neno la Kiingereza. Msomaji wa Kiingereza aonapo ‘rebellion’ hufikiria serikali na raia wake. Msomaji wa Kiswahili aonapo uasi, hasa katika miji ya pwani kama Malindi, Mambrui na Takaungu ambako lugha imekaa na dini karne nyingi, husikia pia mwangwi wa dhambi. Mfasiri aliyedhani amehamisha neno moja amehamisha na hukumu ya pili ambayo hata afisa wa kikoloni hakuiandika.

Hii haina maana kwamba neno uasi halina mahali pake. Mnamo Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliwakatalia wakubwa wao amri wakiwa ndani ya kambi zao. Hao walikuwa wamekula kiapo, wamevaa sare na wanapokea mshahara. Kuyaita matendo yao maasi ya wanajeshi ni sahihi kabisa. Swali ni kama Wagiriama wa 1913 walikuwa katika hali kama ile.

Nani alikuwa na haki ya kutiiwa?

Himaya ya Uingereza katika Afrika Mashariki ilitangazwa mwaka 1895. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa umekodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Katika makubaliano hayo yote Wagiriama hawakuwa upande wowote. Kwao mamlaka yalikuwa ya wazee wa kambi, na kitovu chake kilikuwa kaya. Serikali ya kikoloni iliweka viongozi wake juu ya mamlaka hayo, ikadai kodi ya nyumba, ikataka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi na miradi ya serikali, na ikakusudia kuwaondoa Wagiriama katika mashamba yao ya kaskazini mwa Mto Sabaki.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, pamoja na mzee Wanje wa Mwadori Kola, waliwakusanya watu katika Kaya Fungo. Hapo viapo viliapwa: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Kiini chake kilikuwa kutoshirikiana na serikali, yaani kutotoa vijana, kutolipa kodi na kutowatii viongozi waliowekwa. Basi ikiwa uasi ni kuvunja utiifu ulioapiwa, kiapo pekee kilichokuwapo kilikuwa hiki cha kaya. Kwa mantiki ya neno lenyewe, mwasi angekuwa yule aliyekula kiapo Kaya Fungo kisha akaenda kuwatumikia maafisa. Wagiriama wengine walifanya hivyo, wala haifai kulificha jambo hilo. Lakini vitabu havikuwaita hao waasi. Viliwaita watiifu.

Kuyapima maneno mengine

Kukataa neno moja bila kupendekeza jingine ni kazi rahisi. Inafaa basi visawe vinavyowezekana viwekwe kwenye mizani kimoja kimoja.

Ghasia na fujo hayafai. Yote mawili yanawanyima watu nia. Ghasia haina shabaha wala haina baraza. Mkutano uliopanga viapo viwili tofauti kwa jinsia mbili haukuwa fujo.

Mgomo ni neno ambalo wengi watalidharau kwa kuwa limezoeleka kwa wafanyakazi, na wanachuo nao wanalijua vizuri. Hata hivyo, kitenzi goma kinaeleza kwa usahihi mkubwa yaliyotendeka mwaka 1913. Aliyegoma hajashika silaha, amejizuia tu kutenda anachotakiwa. Kabla ya Agosti 1914 hicho ndicho Wagiriama walichokifanya.

Upinzani linakaribia kufaa, na kwa miongo mingi lingekuwa jibu jema. Kupinga ni kuweka kitu njiani ili kinachokuja kisipite. Bahati mbaya, tangu Kenya iliporudisha mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa 1991, neno hili limehamia bungeni. Msomaji kijana akisikia upinzani huona viti, vyama na kura, na mpinzani wa aina hiyo huikubali serikali hata anapoikosoa. Wataalamu wanaotumia ukinzani badala yake wana hoja, ingawa neno hilo bado halijazoeleka nje ya maandishi ya kitaaluma.

Mapinduzi yanahitaji kitu cha kupinduliwa. Wazanzibari wa Januari 1964 waliiondoa serikali na kuweka nyingine. Wagiriama hawakutaka kutawala Mombasa wala Nairobi. Walitaka waachwe na vijana wao, mashamba yao na kaya yao.

Ukombozi ni neno tamu, na ndilo linalopendwa katika hotuba za sikukuu. Kasoro yake ni kwamba linawatwika watu wa 1914 ndoto ya taifa ambalo lilikuwa halijawazwa. Kumsifu mtu kwa jambo ambalo hakulifikiria ni njia nyingine ya kutomsikiliza.

Mapambano na mapigano yana fadhila ya kisarufi. Kiambishi cha kutendana, -an-, kinadai watendaji wawili. Mtu hapambani peke yake. Vita nalo halina kiambishi hicho, lakini matumizi yake ni yale yale, kwani vita huwa baina ya fulani na fulani. Kiswahili cha zamani kina neno kondo pia kwa maana hiyo. Yaliyotokea tangu katikati ya Agosti 1914, pale Wagiriama walipopigana na askari wa serikali na jeshi la KAR likaingizwa, yanastahili jina hili. Watanzania walilitambua zamani. Matukio ya kusini mwa nchi yao ya 1905–1907, ambayo Wajerumani waliyaona kuwa ni raia kuinuka dhidi ya dola, wao huyaita Vita vya Majimaji, na hakuna aliyepungukiwa kwa kufanya hivyo.

Maneno yanayofuatana na uasi

Neno likishateuliwa huwaalika jamaa zake. Aliyeanza na uasi hujikuta akiandika pia kwamba waasi walitozwa faini, kwamba Mekatilili alitoroka, na kwamba watu walihamishwa. Kila moja ya maneno haya lina kisawe kilichoachwa nyuma.

Chukua faini. Mapigano yalipokwisha, serikali iliwataka Wagiriama walipe rupia 100,000, watoe vibarua na waondoke kaskazini mwa Sabaki. Mkosaji hutozwa faini, lakini aliyeshindwa vitani hudaiwa fidia. Mwaka 1919, katika mkataba wa Versailles, Ujerumani ilidaiwa malipo, na kwa Kiswahili malipo hayo huitwa fidia. Vita vilivyoanza mwezi mmoja vilimalizika kwa fidia huko na faini huku. Neno faini linawafanya Wagiriama waonekane kama washtakiwa mbele ya hakimu, ilhali hakimu mwenyewe ndiye aliyekuwa upande wa pili wa uwanja.

Tazama pia kutoroka. Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 akapelekwa Kisii, magharibi mwa nchi. Januari 1914 yeye na Wanje waliondoka kifungoni wakarudi Giriama, safari ya mamia ya kilomita. Wengi huandika kwamba alitoroka. Katika pwani hii neno hilo lina historia yake. Katika karne ya 19 mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa, na waliokimbia waliitwa watoro. Baadhi yao walijenga makao yao upande wa bara, mahali kama Fuladoyo. Mtoro ni mtoro machoni pa anayejiona mmiliki wake. Machoni pake mwenyewe ni mtu aliyejiokoa. Kusema kwamba Mekatilili aliponyoka kifungoni akarejea kwao hakupunguzi ukweli hata chembe, na kunamwondolea jicho la mlinzi wa gereza. Alikamatwa tena Agosti 1914, na hakurudi hadi 1919.

Kuhamisha nako ni neno pole mno. Mwalimu huhamishwa kutoka shule moja hadi nyingine, naye hupewa barua. Watu waliochomewa nyumba na maghala ili wavuke mto walifurushwa. Baadaye serikali yenyewe iliruhusu Wagiriama warejee ng'ambo ya Sabaki. Amri iliyobatilishwa na aliyeitoa ni msingi dhaifu wa kumwita mtu mwasi kwa kutoitii.

Hoja za wanaolitetea neno uasi

Wapo watakaopinga msimamo huu, na hoja zao si za kubezwa.

Hoja ya kwanza ni ya uaminifu. Mfasiri, watasema, hana ruhusa ya kulisahihisha andiko. Afisa akiandika ‘rebellion’, mfasiri aandike uasi na kumwachia msomaji hukumu. Hoja hii ina nguvu inapohusu kufasiri barua au ripoti ya kikoloni, na hapo uasi ubaki kama ulivyo, kwa kuwa ni sauti ya aliyeandika. Lakini kitabu cha kiada au makala ya gazeti si tafsiri ya ripoti. Mwandishi wake anasema kwa sauti yake. Anaweza kuandika kwamba serikali iliyaita matukio hayo uasi, na sentensi hiyo ikawa ya kweli na aminifu. Tofauti iko katika kumtaja msemaji.

Hoja ya pili inasema maneno hubadilika, na kwamba uasi umekwisha kupoteza ladha ya dhambi. Vijana wengine hata hujivunia kuitwa waasi. Ni kweli kwamba maana husogea. Hata hivyo, maana ya zamani ya neno hili haijahama. Bado iko msikitini, kanisani na nyumbani. Mtoto wa Ganze au Magarini anayeambiwa na nyanyake asiwaasi wazazi husoma kesho yake darasani kwamba mababu zake waliasi. Hakuna maelezo pembeni yanayomwambia kwamba maneno hayo mawili si ndugu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Neno vita, watasema, lina uongo wake. Linaonyesha majeshi mawili yaliyolingana, wakati upande mmoja ulikuwa na bunduki na mwingine mishale. Wagiriama takribani 150 waliuawa. Je, si kweli kwamba neno hilo linaificha dhuluma chini ya pazia la usawa? Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana vita peke yake halitoshi. Dawa yake ni mwandishi kutaja silaha, idadi na nyumba zilizochomwa. Jina hufungua mlango tu, na masimulizi ndiyo yanayomwingiza mgeni ndani. Lakini uasi haufungui mlango huo, kwa kuwa mkosaji akiadhibiwa hakuna anayeuliza adhabu ilikuwa kubwa kiasi gani.

Hitimisho

Kutokana na yaliyojadiliwa, inafaa matukio haya yapewe majina kulingana na hatua zake. Ya 1913 yaitwe mgomo, au ukinzani kwa wanaopenda istilahi. Ya Agosti 1914 na kuendelea yaitwe Vita vya Wagiriama na Waingereza. Msomaji atambue kwamba jina hili lina faida nyingine: linawataja wote wawili. Uasi wa Wagiriama lina mtendaji mmoja tu, kana kwamba Kaya Fungo ilijilipua yenyewe.

Haja ya kulitazama jambo hili ni kubwa kuliko ilivyokuwa zamani. Katiba ya 2010 iliifanya Kenya kuwa na Kiswahili kama lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na nyaraka zitakazofasiriwa ni nyingi. Katiba iyo hiyo iliifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa, na Mekatilili hutajwa miongoni mwao. Sanamu yake imesimama mjini Malindi. Nchi haiwezi kumwita mama huyo shujaa uwanjani na mwasi darasani bila mojawapo ya maneno hayo kuwa la uongo.

Wanafunzi wa Kiswahili wa leo ndio walimu, wahariri na wafasiri wa kesho. Kila watakapokutana na maneno yanayokaribiana, wajiulize maswali matatu. Neno hili linamweka nani juu na nani chini? Linawataja watendaji wangapi? Na kabla ya kufika hapa, lilikuwa likitumiwa juu ya nani? Wahadhiri nao wayatie maswali haya katika mazoezi ya tafsiri, na wamdai mwanafunzi hoja ya kila neno aliloliteua. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Wagiriama hawakumpisha, na si haki Kiswahili kimpishe kwa niaba yao.